Barabara ya Kigali mpaka Kigeme: nani aliichimba, nani aliipita



Zamu yangu ya kuandika imefika. Wenzangu waliotangulia wameandika juu ya watu wakubwa. Mimi nimechagua barabara. Ni ile ya kutoka Kigali kwenda kusini, inapita Muhanga, Nyanza na Huye, kisha inakata kuelekea msitu wa Nyungwe. Wengi wetu tuliipita kwa mara ya kwanza mwaka 2012, ndani ya bisi au juu ya lori, macho kwenye mizigo na kwa watoto. Nani alikuwa na nafasi ya kuuliza barabara hii imetoka wapi? Lakini kumbe ina mengi ya kutuhusu.

Nimeipita mara nyingi kwa kazi ya kujitolea. Mwezi wa saba uliopita niliipita kwa namna nyingine, na rafiki yangu tuliyekaa naye mtaa mmoja Kigeme. Jina lake libaki kwake, hapa nitamwita Rafiki tu. Alikuwa na miaka 15 alipomfuata baba yake Ayalandi. Sasa amerudi kututembelea kwa wiki mbili. Mama yake alifariki 2014, akazikwa huku Kigeme, na Rafiki alitaka kuona kaburi. Tukakodi gari na dereva, mzee mmoja wa Nyamirambo anayeijua njia hiyo kama kiganja chake. Ni kama kilomita 160 hivi. Ukienda moja kwa moja unafika kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulimaliza siku nzima, maana kila mahali Rafiki alisema, "Papa, tusimame kidogo."

Daraja la Nyabarongo

Ukitoka Nyabugogo, kitu cha kwanza cha maana ni mto. Nyabarongo ni wa rangi ya udongo, kama chai ya maziwa, kwa sababu mvua inabeba ardhi ya vilima na kuitupa mtoni.

Kigali yenyewe si mji wa zamani sana. Mwaka 1907 Mjerumani mmoja, daktari Richard Kandt, aliweka hapo makao ya utawala wa Ujerumani. Kabla ya hapo Kandt alikuwa mtu wa kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1898 alifuata maji ya Nyabarongo kurudi nyuma, mto kwa mto, mpaka akafika kwenye kijito cha Rukarara katika msitu wa Nyungwe, akasema hapa ndipo Nile inapoanzia. Wenyeji walikuwa wakiteka maji pale miaka yote bila kumngoja, lakini ramani ziliandikwa na yeye. Mwaka 2006 wasafiri wengine wa kizungu walipanda Nile yote kutoka Misri, nao wakafikia Nyungwe vilevile.

Sasa sikieni. Rukarara inapita wilaya ya Nyamagabe, wilaya ile ile ya kambi ya Kigeme. Inaingia Mwogo, Mwogo inakutana na Mbirurume na hapo inazaliwa Nyabarongo, Nyabarongo inaenda Akagera, Akagera inaingia Ziwa Victoria, na kutoka pale maji yanaenda Uganda, Sudani mpaka Misri. Miaka yote ile tuliyokaa Nyamagabe tukidhani tumefichwa nyuma ya dunia, tulikuwa tumekaa kwenye mwanzo wa Nile. Rafiki alicheka, akasema angejua zamani angewaambia watoto wa shule yake ya Ayalandi, maana walikuwa wanamuuliza kama kwao kuna maji.

Barabara ilichimbwa kwa jembe na kiboko

Baada ya Nyabarongo barabara inapanda Kamonyi, kona juu ya kona. Siku ile kulikuwa na akina mama na vijana wanafanya kazi ya kusafisha mfereji wa kando, wamevaa fulana za rangi ya machungwa. Hao wanalipwa. Dereva wetu akasema: "Baba yangu hakulipwa."

Wabelgiji waliingia Rwanda 1916 wakiwafukuza Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walitaka magari yafike kila mahali, lakini hawakutaka kutoa pesa nyingi. Kwa hiyo walitumia kazi ya lazima. Wanyarwanda wa zamani wanaijua kwa jina la akazi. Mwanaume alitolewa shambani kwake kwenda kuchimba barabara, kupanda miti na kukata matuta, na siku zake za kulima zikapotea. Chifu naye alipewa idadi ya watu wa kuleta. Asipowaleta anapoteza cheo, kwa hiyo aliwapiga walio chini yake. Fimbo yenyewe iliitwa ikiboko, ni neno lile lile letu la kiboko. Hata ukisikia neno tu unajua jinsi mambo yalivyokuwa.

Baada ya njaa ya 1928 na 1929 iliyoitwa Rwakayihura, amri ziliongezeka: lima mihogo, lima viazi, chimba barabara ili chakula kiweze kubebwa. Kwenye karatasi ilikuwa ni kumsaidia mwananchi. Lakini watu wengi walichoka wakakimbilia Uganda kulima mashamba ya Waganda, ambako angalau kazi ilikuwa na mshahara. Halafu ikaja njaa nyingine, Ruzagayura, ya 1943 na 1944. Mvua zilikosekana, na huku serikali ilikuwa inavuta chakula na watu kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia. Watu wakafa wengi sana na wengine wakavuka kwenda Uganda na Kongo.

Hapo Rafiki akanyamaza, kisha akaanza kutusimulia ya Ayalandi. Mimi nilikuwa najua Ayalandi ni nchi ya mvua na majani mabichi tu. Kumbe nao wana barabara kama hizi. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, na maskini wa kule walikuwa wanaishi kwa viazi peke yake. Mpaka mwaka 1852 watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Uingereza, na nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Serikali ikasema mtu hawezi kupewa chakula bure, atazoea uvivu. Lazima afanye kazi kwanza. Mwezi wa tatu 1847 zaidi ya watu 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo, wengi wao wanachimba barabara na kuponda mawe huku tumbo tupu, wengine wanaanguka pale pale.

"Na barabara nyingine haziendi popote," Rafiki akasema. Yeye ameziona kwa macho. Baba yake alimpeleka siku moja mashambani upande wa magharibi. Barabara ya mawe inapanda kilima, halafu inaishia katikati ya majani, hakuna nyumba, hakuna shamba. Ilichimbwa ili mtu aonekane amefanya kazi. Wenyeji wanaziita mpaka leo barabara za njaa.

Ndugu mnaofanya kazi ya misaada, hapo naomba msome mara mbili. Wazo kwamba mwenye njaa atazoea uvivu akipewa chakula si la jana. Lina miaka zaidi ya 170, na lilishajaribiwa, na matokeo yake yako kwenye vilima vya Ayalandi.

Na kuna jambo lingine la mwaka ule ule wa 1847. Wachoctaw ni kabila la wenyeji wa Marekani. Wao wenyewe walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi yao miaka ya 1830, wakatembezwa mbali sana, na wengi wakafia njiani. Waliposikia njaa ya Ayalandi walichangishana pesa, wakatuma. Hawakuwa na kitu, lakini walijua njia ndefu ni nini. Leo kuna mnara wa kuwakumbuka kule Midleton, upande wa Cork. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba mkimbizi kazi yake ni kupokea tu.

Muhanga, yaani Gitarama

Mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya mikoa na wilaya, na miji mingi ikapata majina mengine. Gitarama ikawa Muhanga, Butare ikawa Huye, Gikongoro ikawa Nyamagabe. Wazee bado wanatumia ya zamani. Dereva wetu alisema ulimi wake haujahama. Kama unasikiliza historia ya mzee, yajue majina yote mawili, la sivyo utapotea.

Gitarama ndipo tarehe 28 Januari 1961 viongozi wa kisiasa walikusanyika wakatangaza kwamba Rwanda si ufalme tena, ni jamhuri. Kabla ya hapo, tangu mwezi wa 11 mwaka 1959, kulikuwa na mauaji na kuchomwa nyumba za Watutsi, na maelfu ya watu walikimbilia Burundi, Uganda, Tanganyika na Kongo. Kambi ya Nakivale kule Uganda, ambako wengi wetu tuna ndugu hata leo, ilianza kupokea wakimbizi wa Rwanda miaka ile ile. Watoto wao walizaliwa kambini na wajukuu wao vilevile. Nchi hii inayotupokea sisi leo imejaa watu waliokulia kambini. Ukikutana na afisa au mwalimu au mama wa dukani aliyezaliwa Uganda au Burundi, muulize taratibu. Mara nyingi atakuelewa kuliko unavyofikiri.

Ruhango, na swali la babu

Ruhango tulikula mihogo na maharage kando ya barabara. Rafiki akanionyesha mashamba upande wa mashariki, akasema: "Babu alikuwa akitaja Nduga." Nduga ni jina la zamani la eneo hili la katikati. Sote tulikuwa tunajua kwamba babu yake alifika Masisi akiwa kijana. Tulichokuwa hatujui vizuri ni kwa nini.

Kuanzia 1937 mpaka 1955 Wabelgiji walikuwa na mpango ulioitwa kwa Kifaransa Mission d'Immigration des Banyarwanda, kifupi chake MIB. Walisema Rwanda imejaa na ina njaa, na Kivu kuna nafasi. Pia, bila kusema sana, mashamba makubwa ya wazungu kule Kivu yalihitaji vibarua. Wakahamisha watu makumi ya maelfu kutoka Rwanda kwenda Masisi, sehemu ya Gishari na kwingineko. Ardhi ilichukuliwa kwenye himaya ya machifu wa Wahunde, na Wahunde wa kawaida hawakuulizwa. Yule aliyeletwa hakuulizwa sana, na yule aliyekutwa hakuulizwa kabisa. Ugomvi wa ardhi tuliokuja kuukuta sisi una mizizi pale. Na tusisahau kwamba wasemaji wengine wa Kinyarwanda walikuwa wako kule kabla ya wazungu kuchora mipaka, kama wale wa Bwisha upande wa Rutshuru.

Baadaye karatasi zikaanza kucheza na watu. Sheria ya mwaka 1972 ya Zaire iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaunyang'anya. Mtu alilala raia, akaamka si raia, na hajahama hata nyumba. Mwaka 1993 vita vikawaka Masisi. Mwaka 1996 watu wakavuka kwa wingi, na kambi ya Kiziba ikafunguliwa kule Karongi. Mwaka 1997 ikaja Gihembe, baada ya wakimbizi waliokuwa Mudende kushambuliwa na kuuawa. Sheria ya uraia ya Kongo ya 2004 ilirudisha haki kwa jamii zilizokuwa nchini wakati wa uhuru, lakini sheria ni karatasi, na wengi wetu tulikuwa tayari chini ya mahema.

Ndiyo maana tukiwa Kongo tunaambiwa rudini kwenu Rwanda, na tukiwa Rwanda kadi yetu inasema mkimbizi kutoka Kongo. Rafiki akaongeza ya tatu: kule Ayalandi wanamuuliza, wewe ni wa wapi hasa? Yeye anajibu kulingana na hali ya hewa. Tulicheka, lakini si jambo la kuchekesha.

Nyanza, wafalme waliofukuzwa

Nyanza ilikuwa makao ya mfalme tangu mwisho wa miaka ya 1890, wakati wa Yuhi V Musinga. Leo kuna makumbusho, na nyumba ya nyasi ya mviringo iliyojengwa kwa mfano wa ile ya mfalme, na ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu mpaka unashangaa shingo yao inabebaje.

Nilichotaka Rafiki akione si ng'ombe. Musinga alikataa kubatizwa na hakuelewana na Wabelgiji. Mwezi wa 11 mwaka 1931 wakamvua ufalme, wakampeleka Kamembe, upande wa Ziwa Kivu. Mwaka 1940 wakamhamisha tena wakamvusha mpaka Moba, Kongo, kwenye Ziwa Tanganyika. Huko ndiko alikofia mwaka 1944. Mfalme wa Rwanda alikufa uhamishoni nchini Kongo.

Mtoto wake Rudahigwa akatawala baada yake, akafa ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Akafuata mtoto mwingine wa Musinga, Kigeli V Ndahindurwa, aliyezaliwa 1936 kule kule Kamembe baba yake alikofukuziwa. Kigeli alitawala muda mfupi tu. Ufalme ukafutwa 1961 akiwa nje ya nchi. Aliishi Uganda, akaishi Kenya, na mwaka 1992 akaenda Marekani akapewa hifadhi. Yaani alikuwa mkimbizi kama sisi. Akafariki mwezi wa 10 mwaka 2016. Mwezi wa kwanza 2017 mwili wake uliletwa ukazikwa Mwima, hapo hapo Nyanza, karibu na kaburi la kaka yake Rudahigwa.

Tulifika Mwima. Rafiki alihesabu kwa vidole: miaka zaidi ya 55 nje. Akauliza, "Kwa hiyo hata mfalme alingoja?" Dereva akamjibu, "Alingoja, mwanangu. Na aliingia akiwa amelala."

Huye, halafu kupanda Nyamagabe

Huye nitapita haraka. Wabelgiji waliuita mji huu Astrida, kwa jina la malkia wao Astrid. Hapo palijengwa shule kubwa ya watoto wa machifu, na mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Taifa. Kutoka Huye unaacha njia ya Burundi, unakata magharibi, na baridi inaanza. Vilima vinakuwa vikali, mikaratusi mingi.

Kabla ya Kigeme kuna Murambi. Ilikuwa shule ya ufundi iliyokuwa bado inajengwa. Mwezi wa nne 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliambiwa wakusanyike pale watakuwa salama. Tarehe 21 Aprili wakashambuliwa, wakauawa makumi ya maelfu. Mwaka 2023 Murambi iliandikwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Nyamata, Gisozi na Bisesero. Tuliingia, tukatoka. Hakuna aliyesema neno, na hapa pia sitasema zaidi. Nenda mwenyewe.

Kigeme iliwahi kupokea Warundi zamani. Ilifunguliwa tena mwezi wa sita 2012 kwa ajili yetu tuliokimbia vita vya M23. Tulikuwa na barua ya ruhusa, tukaingia. Vilima viwili vile vile, nyumba za udongo zimebanana vile vile, watoto tusiowajua. Mama mmoja, jirani wa zamani, alimtambua Rafiki kwa mwendo. Akamshika mkono bila maneno mengi, akatutangulia mpaka makaburini.

Kaburi lilikuwa limelimwa majani. Huyo mama amekuwa akilisafisha miaka yote hiyo, hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Rafiki alitaka kumpa pesa, akakataa. Akasema: "Mwanangu, mama yako angefanya hivyo kwa wangu." Rafiki alikuwa amekuja na wazo la kuuliza kama siku moja mama yake anaweza kuhamishwa akazikwe Masisi. Mbele ya yule mama hakuuliza. Jioni kwenye gari aliniambia kwamba hajui tena kama Masisi ndiyo kwao mama yake kuliko kilima kile, chenye mtu wa kumlimia majani. Mimi sikuwa na jibu. Nafikiri wengi wenu mna swali hilo hilo, la mzazi aliyelala Kiziba, Mahama, au Gihembe iliyofungwa 2021 wakati watu walipohamishwa.

Kazi ya kila mmoja

Sikuandika haya ili tulie. Nimeandika kwa sababu wazee wetu wanaondoka, na wanaondoka na majina ya barabara, ya machifu, ya vijiji. Kwenye mahojiano ya HCR tunaulizwa tarehe tuliyovuka mpaka, basi historia yetu inaanzia hapo. Kabla ya hapo je?

Kwa hiyo naomba wiki hii kila mmoja amkalie mzee mmoja amuulize mambo matatu. La kwanza, nani wa kwanza katika ukoo wenu kuvuka, mwaka gani, na kwa njia gani: kwa miguu, kwa lori la mkoloni, kwa mtumbwi? La pili, alivuka kwa hiari, kwa njaa au kwa kiboko? La tatu, wamezikwa wapi, na nani anasafisha kaburi? Andika majibu kwenye daftari, kwa maneno ya mzee mwenyewe, kisha yalete hapa kwenye kundi. Kama mzee hataki kusema, usimlazimishe. Mletee chai, urudi siku nyingine.

Rafiki amesharudi Ayalandi. Ameahidi kuandika zamu ijayo juu ya barabara za njaa, na picha ataleta. Mimi mwezi huu narudi Kigeme na daftari langu, nianze na yule mama.

Mwenye kusahihisha jina au mwaka, asahihishe hapa chini bila kuogopa.